Mzazi wa Mtoto Mthai: Anzia Ofisi ya Wilaya, Benki Itafuata

Swali la kwanza ninaloulizwa na wazazi wanaotaka kuishi Thailand na mtoto wao Mthai huwa ni la hela. Ni kweli wanataka baht 400,000 benki? Ni kweli. Lakini anayeanzia hapo ameanzia mwisho. Wapo wenye hela zote hizo waliorudishwa dirishani, na wapo waliojikusuru wakazifikisha kwa shida, wakapita. Kilichowatofautisha ni karatasi inayothibitisha kwamba, mbele ya sheria ya Thailand, mtu huyu ni mzazi wa mtoto huyu. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa peke yake halithibitishi hilo, na hapo ndipo wanaume wengi wanapokwama.

Familia za namna hii si ngeni kwetu. Yakuti za Tunduru zilipovuma miaka ya 1990, wanunuzi wa Kithai walifika hadi kusini mwa Tanzania, na wachuuzi wetu wa vito nao wakaijua njia ya Chanthaburi, mji wa mashariki mwa Thailand unaoishi kwa kukata na kuuza mawe. Wafanyabiashara wa nguo wakazoea soko la Pratunam, Bangkok. Katika safari hizo watu walipendana, wakazaa, wengine wakaoana, wengine wakaachana. Leo kuna baba aliyeko Arusha au Nairobi ambaye mwanawe analelewa na bibi yake kijijini, kaskazini mashariki mwa Thailand, na wanaonana kwa simu. Kuna mama Mkenya aliyeachana na mume Mthai na hataki kuondoka nchi ambayo mtoto wake anasoma. Hao ndio ninaowaandikia.

Sheria ya kiraia ya Thailand, katika kifungu cha 1546, inasema mtoto aliyezaliwa na mwanamke ambaye hana ndoa ya kisheria ni mtoto halali wa mwanamke huyo. Mama basi hana la kuthibitisha zaidi ya kwamba alimzaa. Baba ni habari nyingine. Kama hana ndoa iliyoandikishwa na mama, anaweza kuwa alikuwepo hospitali mtoto anazaliwa, jina lake likaandikwa kwenye cheti, akawa anatuma matumizi kila mwezi bila kukosa, na bado asiwe baba kisheria. Kifungu cha 1547 kinampa njia 3 za kutoka hapo: kumwoa mama wa mtoto kwa ndoa ya kuandikishwa, kuandikisha ubaba wake kwenye ofisi ya wilaya, au kupata hukumu ya mahakama.

Ndoa ndiyo njia fupi kwa wanaopendana. Ila iwe ndoa ya wilayani. Ofisi ya wilaya huko huitwa amphoe, na cheti inachotoa ndicho Uhamiaji inachokitaka. Sherehe ya nyumbani mbele ya watawa, mahari iliyotolewa mbele ya wazee, au nikaha iliyofungwa msikitini Bangkok, vyote vina heshima yake kwa familia lakini havibadilishi kitu kwenye faili la Uhamiaji kama hamkwenda amphoe. Ndugu zangu Waislamu huniambia kwamba katika mikoa ya Pattani, Yala, Narathiwat na Satun mahakama hutumia sheria ya Kiislamu katika ndoa na mirathi. Ni kweli, sheria hiyo ipo tangu 1946. Hata hivyo nawashauri wafunge nikaha yao na wakaandikishe pia wilayani. Mtoto akishakuwa na wazazi walioandikisha ndoa, hata kama waliandikisha miaka mitano baada ya yeye kuzaliwa, anakuwa mtoto halali wa baba yake.

Kwa wasiooana, njia ya pili ni ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayohitaji subira kuliko zote. Baba huenda amphoe pamoja na mama na mtoto, akaomba kumwandikisha mtoto kuwa wake. Mkifanikiwa, mnapewa hati iitwayo Kor Ror 11, na hiyo ndiyo ya kuishika kama mboni ya jicho. Lakini kifungu cha 1548 kinataka ridhaa ya watu wawili: mama, na mtoto mwenyewe. Wengi humkumbuka mama wakamsahau mtoto.

Ofisa wa wilaya humgeukia mtoto na kumuuliza kwa Kithai: huyu ni nani? Unakubali aandikwe kuwa baba yako? Maswali mepesi, lakini hebu fikiria msichana wa miaka 7 aliyemzoea baba yake kwenye kioo cha simu, na leo amekalishwa mbele ya meza ya serikali na mtu mrefu mgeni aliyetua jana kutoka Afrika. Anamtazama mama yake. Anashika upindo wa sketi. Hajibu. Ofisa hawezi kuandika ukimya kuwa ridhaa, na hata akimwonea huruma baba, sheria haimruhusu. Kwa hiyo usimpeleke mtoto amphoe wiki uliyofika. Kaa naye kwanza. Mpeleke shule asubuhi, mle wote, ajue sauti yako na harufu ya nguo zako. Sheria haikutaja umri wa kuridhia. Maofisa wengi huangalia kama mtoto anaelewa anachoulizwa na anaweza kuandika jina lake, ndiyo maana miaka 7 hutajwa sana. Ofisi moja hukubali mapema, nyingine hutaka mtoto mkubwa zaidi. Nenda kaulize kabla ya kwenda na familia nzima.

Mtoto akiwa mdogo mno hata kuridhia hawezi, hakuna njia ila mahakama, hata kama mama amekubali kwa mikono miwili. Hili huwaudhi watu: kwa nini niende mahakamani na hakuna anayebisha? Jibu ni kwamba mwenye haki ya kukubali au kukataa ni mtoto, na kwa kuwa hawezi kusema, hakimu ndiye humsemea. Ombi hupelekwa na wakili kwenye Mahakama ya Watoto na Familia ya mkoa anakoishi mtoto. Kabla ya kusikilizwa, maofisa wa idara ya ustawi wa watoto ya Wizara ya Sheria huwahoji wazazi, humwona mtoto, na kuandika ripoti. Siku ya shauri mama huulizwa, baba huulizwa, picha na risiti za matumizi huangaliwa. Baada ya hukumu kuna mwezi mmoja wa rufaa. Ukipita, mahakama hutoa cheti kwamba hukumu ni ya mwisho, nawe unakipeleka amphoe kuandikishwa. Jiandae kwa miezi kadhaa na ada ya wakili. Patana na wakili bei ya shauri zima kwa maandishi, na sharti uandike ndani kwamba kazi yake inaishia kwenye hati ya amphoe, kwa sababu wapo wanaokuachia hukumu mkononi na kukuaga.

Na mama asipokubali? Ombi likipelekwa amphoe naye akakaa kimya kwa siku 60 tangu apewe taarifa, sheria huhesabu kwamba hakukubali. Akiwa nje ya Thailand muda huo ni siku 180. Hapo pia ni mahakama. Sina dawa ya ugomvi wa wazazi, ila nitasema hili: jamaa akinipigia simu kulalamika kwamba mama wa mtoto ana kiburi, humuuliza kwanza alituma matumizi mara ya mwisho lini. Kabla hujaomba saini yake, rudisha uhusiano wa heshima. Piga simu kwa wazazi wake. Wasalimie kwa utaratibu wao. Kote Thailand neno la bibi mzaa mama lina uzito katika malezi ya mjukuu, na bibi akikukubali, nusu ya safari umeimaliza.

Tena ujue unaomba nini. Kuandikishwa kuwa baba kunampa mtoto haki ya kukurithi na kunakufunga wewe kumlea na kumsomesha mpaka atimize miaka 20, umri wa utu uzima kwa sheria ya huko. Hata viza ikikwisha, hata ukirudi Mwanza ukaoa tena, jukumu linabaki. Anayetafuta kibali cha kuishi tu, bila nia ya kulea, atafute njia nyingine amwache mtoto wa watu.

Sasa upande wa akina mama. Kwenu shida si uzazi, ni uraia wa mtoto. Mtoto ni Mthai kwa kuzaliwa kama baba au mama yake ni Mthai, awe alizaliwa Bangkok au Mombasa. Kama ulikuwa na ndoa ya kisheria na baba Mthai, mtoto aliyezaliwa kwetu anaandikishwa ubalozi wa Thailand, anapewa cheti cha kuzaliwa cha Kithai, na baadaye huingizwa kwenye kitabu cha nyumba cha familia huko. Kama hapakuwa na ndoa, msikate tamaa: tangu marekebisho ya sheria ya uraia ya 2008, ubaba wa Mthai unaweza kuthibitishwa kwa ushahidi bila ndoa, na kipimo cha DNA ndicho kinachotumika zaidi. Lakini baba lazima ashiriki, kwa hiyo lifanye jambo hili angali anapokea simu zako. Kwa Watanzania kuna la kukumbuka nyumbani pia: sheria yetu humtaka mwenye uraia wa nchi mbili kwa kuzaliwa achague mmoja afikapo miaka 18. Katiba ya Kenya ya 2010 haina sharti hilo kwa raia wa kuzaliwa.

Nimelitaja hilo la kitabu cha nyumba kama jambo dogo, nalo si dogo. Kila nyumba Thailand ina kitabu chake chenye jalada la buluu, thabian ban, kinachoorodhesha raia walioandikishwa hapo. Uhamiaji hutaka kuona jina la mtoto humo, na hutaka kuelewa kwa nini unasema mnaishi Chiang Mai wakati kitabu kinasema mtoto ni wa Udon Thani. Watu wengi huishi mbali na walikoandikishwa, hivyo si kosa, ila uwe na mkataba wa nyumba na barua ya shule vya kueleza.

Halafu majina. Hapa watu wetu hupata taabu ambayo Mzungu haipati. Pasipoti ya Mtanzania ina jina lako, la baba na la babu. Nesi wa wodi ya wazazi huko aliandika alichosikia, kwa herufi za Kithai, labda majina mawili tu. Miaka ikapita, mfasiri mwingine akayarudisha majina hayo kwenye herufi zetu kwa namna yake, na sasa Mwinyimkuu Hamisi Shomari wa pasipoti amekuwa mtu tofauti na aliyeko kwenye cheti. Mwaka nao: cheti kinasema mtoto alizaliwa 2562, na asiyejua atashangaa. Kalenda yao ya Kibudha iko mbele yetu miaka 543, kwa hiyo 2562 ni 2019. Kaa na hati zote mezani kabla hujamlipa mfasiri, mwandikie majina yako herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasipoti, na mwambie ayafuate katika kila hati. Kama cheti chenyewe cha Kithai kimekosea, kirekebishwe amphoe kilikotolewa. Barua ya ubalozi wa nchi yako inayosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja husaidia sana. Kenya ina ubalozi Bangkok. Wengine waulize wizara yao ya mambo ya nje ni ubalozi upi unaoihudumia Thailand, na waulize mapema.

Hati za kwetu zitakazotumika huko, kama cheti cha talaka au cha kutokuwa na ndoa, zinahitaji mihuri ya ngazi kwa ngazi: mamlaka iliyozitoa, wizara yetu ya mambo ya nje, ubalozi wa Thailand, kisha tafsiri ya Kithai inayothibitishwa na Idara ya Mambo ya Kikonsuli, barabara ya Chaeng Watthana, Bangkok. Ukiruka ngazi moja unarudi nyumbani kuianza. Nauli ya kurudi kwa ajili ya muhuri mmoja ni hela ya karo ya mtoto.

Ukishakuwa mzazi kwenye karatasi, viza yenyewe haina maajabu. Elewa tu kwamba kuna hatua mbili zinazotolewa na mikono miwili. Ubalozi hutoa viza ya Non-Immigrant O, ambayo hukupa siku 90 tangu uingie. Mwaka mmoja hupewi na ubalozi. Unaongezewa na Uhamiaji ya mkoa unaoishi, ukiwa ndani ya nchi, kwa msingi wa viza hiyo. Wanaorudi kwetu wakisema "nimepewa miezi mitatu tu, nimenyimwa mwaka" hawakunyimwa kitu. Hawakwenda hatua ya pili.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki ubalozi ni ule wa Nairobi, na tangu Januari 2025 maombi ya viza ya Thailand hufanywa kwa mtandao kote duniani. Utapakia pasipoti, picha, cheti cha mtoto, hati ya ubaba au ya ndoa, kitambulisho na kitabu cha nyumba cha upande wa Thailand, na ushahidi wa fedha. Barua fupi ya mama wa mtoto inayosema anajua unakuja kuishi na mwanao ina nguvu. Wapo wanaoingia kwa viza ya utalii wakabadilishia huko huko kwa ada ya baht 2,000. Inawezekana, mradi siku zilizobaki zisipungue 15, lakini ni njia ya presha na ofisi hazifanani. Kwa pasipoti zetu, ambazo huangaliwa mara mbili kila mpaka, ingia na viza inayosema kweli ya safari yako.

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha ya Thailand, na abiria kutoka huko hupitia dawati la afya uwanjani kabla ya dirisha la Uhamiaji. Chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Tangu 2016 cheti hicho hakiishi muda. Na tangu Mei 2025 kuna kadi ya kuingilia ya kujaza mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti zinazodai malipo kwa ajili yake ni za matapeli.

Sasa ndiyo benki. Kiwango cha mzazi wa mtoto Mthai ni baht 400,000 kwenye akaunti ya benki ya Thailand, au mapato ya baht 40,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya 2025 hiyo laki nne ilikuwa kama shilingi milioni 1.6 za Kenya, au karibu milioni 30 za Tanzania. Fedha hazichukuliwi na serikali, ni zako, ila lazima ziwe kwa jina lako peke yako, na ziwe zimekaa humo miezi 2 kabla ya siku ya kuomba. Piga hesabu sasa. Umepewa siku 90. Ofisi nyingi hupokea maombi katika siku 30 za mwisho, baadhi 45. Ili fedha ziwe zimetimiza siku 60 kabla ruhusa haijaisha, lazima ziingie si zaidi ya siku ya 30 tangu utue. Na kabla ya hapo lazima akaunti ifunguliwe, na benki nyingi huko husita kumfungulia mgeni asiye na kibali cha mwaka. Zitakutaka barua ya makazi kutoka Uhamiaji, mkataba wa nyumba, mara nyingine mdhamini. Tawi hili likikataa nenda tawi jingine, hata la benki ileile. Wiki yako ya kwanza Thailand ni ya benki. Mbuga za tembo zitasubiri.

Tuma fedha kwa benki na uweke karatasi za kutuma. Furushi la dola lililobebwa mfukoni na kuwekwa kwa mkupuo huzaa maswali, zaidi kwa Mwafrika. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na karatasi hukata maswali hayo. Asubuhi ya siku ya kuomba pita benki, weka hata baht 100 ili kitabu chako kichapwe tarehe ya siku hiyo, chukua barua ya benki ya siku hiyohiyo, kisha nenda Uhamiaji. Usizishike hizo fedha mpaka uwe na muhuri wa mwisho.

Njia ya mapato inawafaa wenye ajira halali huko, ambao huthibitisha kwa barua ya mwajiri na karatasi za kodi. Mapato ya kutoka nje ni magumu zaidi kuthibitisha. Na mama mgeni ambaye bado yuko kwenye ndoa ya kisheria na mume Mthai aombe kwa njia ya ndoa, si kwa njia ya mtoto: sharti la fedha katika ndoa limewekwa kwa waume wageni, si kwa wake wageni. Nimeona wanawake wakikopa laki nne ambazo hakuna sheria iliyowataka.

Siku ya maombi mama wa mtoto au mlezi aje na kitambulisho chake. Fomu ni TM 7, ada ni baht 1,900, na kila kopi utie saini yako. Watakutaka ramani ya kufika nyumbani na picha za familia: mbele ya nyumba namba ya nyumba ikionekana, sebuleni, jikoni, chumbani kwa mtoto. Usipige zote siku moja mkiwa na nguo zilezile. Weka za miezi tofauti, za shule, za sikukuu, za mtoto akiwa na homa mapajani kwako. Ofisa anazitazama kwa sababu wapo watu wanaonunua ubaba wa karatasi, na anachotafuta ni kama nyumba hii inaishi watu.

Maombi ya kifamilia mara nyingi hayajibiwi papo hapo. Utapigwa muhuri wa "yanashughulikiwa", kwa kawaida siku 30, na katika siku hizo maofisa wanaweza kuja nyumbani. Watamuuliza jirani. Vijijini watamuuliza phu yai ban, mkuu wa kijiji, ambaye kazi yake mtu wa kwetu angeifananisha na ya mwenyekiti wa kitongoji: anajua nani analala wapi. Jitambulishe kwake siku za mwanzo, pamoja na mama au bibi wa mtoto, na matunda mkononi. Kama mmeachana na mama na hati ya talaka inasema malezi ni yake peke yake, basi ujue swali litakuja: mtoto anaishi na nani? Jibu ni mwafaka mpya wa malezi ulioandikwa, mkauandikishe, wala si maelezo ya mdomo mbele ya ofisa aliyechoka.

Muhuri wa mwaka ukishagongwa, kuna mambo matatu ya kutunza. Mwenye nyumba anapaswa kutoa taarifa ya mgeni ndani ya saa 24 kwa fomu ya TM 30. Mkumbushe, maana hasara yake ni yako. Kila siku 90 mfululizo nchini unatoa taarifa ya makazi, na haina malipo. Na usitoke nje ya nchi, hata kwa mazishi ya ghafla, bila kibali cha kurudi: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila hicho, mwaka wako umefutika pale uwanjani. Wenye wazazi wazee huku nyumbani wanunue cha safari nyingi siku ileile wanayopewa mwaka, maana msiba haupigi hodi. Kuzidisha muda ni faini ya baht 500 kwa siku hadi 20,000, na ukizidisha zaidi ya siku 90 hata ukijisalimisha unafungiwa mwaka mmoja. Ukikamatwa unafungiwa miaka 5 au 10. Ikiwa ni 10, mtoto wa miaka 6 atakuwa na 16 ukirudi.

Kibali hiki cha kuishi si kibali cha kazi. Unaweza kuomba cha kazi ukiwa nacho, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini hata kumshikia shemeji duka lake sokoni bila kibali ni kosa.

Mlango huu una mwisho: mtoto akitimiza miaka 20, msingi wa kuongezewa muda kama mzazi anayelea huisha. Usingoje mwaka huo ufike. Mtoto akiwa na miaka 17 au 18, kaa chini uangalie utakuwa na umri gani. Ukiwa na miaka 50 kuna njia ya wastaafu, inayotaka baht 800,000 benki au mapato ya 65,000 kwa mwezi. Ukiwa chini ya hapo, ni ajira yenye kibali au ndoa. Anza kuweka akiba ya hiyo laki nne ya pili tangu mwaka wako wa kwanza, kidogo kidogo, katika akaunti ileile.